Wifi Yangu Huenda Gengeni

Wifi yangu alistaafu kushona siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata akanunua baiskeli. Naanzia hapo kwa sababu watu wengi wakimsimulia huanzia kwenye suruali, na suruali ilikuja baadaye.

Ni dada wa pekee wa marehemu mume wangu. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika chumba cha ushonaji cha hospitali kuu, jengo la nyuma, kati ya dobi na stoo ya mitungi ya oksijeni. Walikuwa wanawake wanne humo ndani, wakishona mashuka, foronya na mavazi ya kijani ya chumba cha upasuaji. Madirisha yalikuwa juu mno kwa mtu aliyekaa. Cherehani yake, ya kukanyaga kwa miguu, ilielekezwa ukutani, na ukutani palikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio. Alilitazama mpaka likapakwa rangi, kisha likatokeza tena.

“Nimekanyaga pedali miaka thelathini na moja, wifi,” aliniambia siku aliyoisukuma baiskeli hadi uani. “Nikafika wapi? Ukutani. Sasa nataka pedali inayokwenda.”

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Baiskeli yenyewe haikuwa ile tuliyoizoea, ya keria na kengele. Ilikuwa na matairi mapana yenye meno madogo madogo, na usukani uliopinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Fundi baiskeli wa pale kona alisema imetengenezwa kwa njia za changarawe, si kwa lami, na kwamba mwenye mapafu mazima anaweza kwenda nayo mpaka mwisho wa dunia. Wifi akamwuliza kama huko mwisho wa dunia kuna fundi wa pancha.

Sikumzuia. Lakini nyumba yetu ina jina, na mimi ndiye ninayelitunza. Marehemu alikuwa mkaguzi wa shule, mimi nilikuwa mwalimu wa lugha na baadaye mwalimu mkuu, na shemeji mkubwa, kaka yao, ni hakimu mstaafu. Baba mkwe sikumkuta hai. Nilijua tu kwamba alikuwa mhandisi wa reli. Mume wangu aliniambia hivyo kabla hatujaoana, nikawaambia watoto wangu hivyo, na ndivyo nilivyoandika katika wasifu niliousoma siku tulipomzika mume wangu: mwana wa mhandisi wa reli. Watu waliinamisha vichwa kwa heshima.

Basi kila Jumamosi asubuhi wifi alikuwa anaondoka na baiskeli yake, na kurudi jioni, matope mpaka magotini, akitabasamu peke yake kama mtu aliyekuwa arusini. Nikimwuliza alikokwenda, alijibu neno moja, kama wengine wanavyosema sokoni.

“Gengeni.”

Sasa neno hilo nimelifundisha. Genge ni jabali lililokatika wima. Genge ni kikosi cha vibarua wanaofanya kazi pamoja. Kuna mahali genge ni kibanda cha nyanya na vitunguu, na kila mahali genge ni kundi la wahalifu. Wifi hakuwahi kurudi na nyanya. Na miezi ile redio ilikuwa haimalizi siku bila kutaja genge la wezi wa mbao katika msitu wa juu. Maana zote zilijipanga kichwani mwangu kama wanafunzi asubuhi, nami nikaiita mbele iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Jirani yetu muuza dawa alinisaidia kuiamini. “Mwalimu, mimi si mtu wa maneno,” alisema akifunga panadoli kwenye karatasi, na hapo nikajua maneno yanakuja. “Lakini nimemsikia kwa masikio yangu akiongea na simu. Jumamosi niko gengeni, usinitafute. Mtu mzima yule. Na makaptura.”

“Ni suruali fupi ya mazoezi,” nilisema.

“Ndiyo hiyo hiyo, Mwalimu, ila nimeita kwa jina la nyumbani.”

Wiki hiyo hiyo niliuona mfuko wa wifi ukiwa wazi barazani. Ndani mlikuwa na pampu, viraka vya pancha, na msumari wa chuma mnene kuliko kidole gumba changu, uliokula kutu. Sikumwuliza chochote. Nilimpigia shemeji mkubwa, na hilo ndilo jambo ninaloliandika hapa kwa aibu, kwa sababu nilimpigia kabla ya kuuliza.

Nilipotamka neno gengeni, shemeji alinitaka nilirudie mara mbili. Nilidhani ni hasira.

“Nyumba mnayokaa imeandikwa jina langu,” alisema mwishoni. “Aache baiskeli au ahame. Tutakaa kikao Jumapili ya wiki ijayo. Wewe unaishi naye, shemeji. Utasema mbele ya wote unachokijua, na mimi nitaamua.”

Nilipoweka simu chini nikagundua kwamba sijui kitu. Nilikuwa nimepiga mstari mwekundu kwenye karatasi ambayo sijaisoma, kosa nililokuwa nikiwagombeza walimu vijana kwa kulifanya. Kwa hiyo Ijumaa kabla ya kikao nilimfuata wifi jikoni, akiwa anaosha mnyororo wa baiskeli kwa mswaki wa zamani, nikamwambia kesho nakwenda naye.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. “Na hivyo visigino?”

“Nilipanda baiskeli kwenda shule kilomita kumi na moja, wewe ukiwa bado darasa la pili.”

“Ndiyo, lakini tangu siku hiyo umeshuka, wifi.”

Alikwenda kwa fundi akaniazimia baiskeli kuukuu, kisha akakaa kwenye cherehani yake ya nyumbani, na kabla ya saa kumi na mbili jioni nilikuwa na suruali ya kitambaa kile cha kijani cha hospitali.

“Hii ni ya daktari au ya mgonjwa?” niliuliza.

“Ya daktari. Ya mgonjwa haina nyuma.”

Tuliondoka alfajiri, kukiwa na baridi. Tulipita nyuma ya ghala la saruji, tukapita stesheni ya zamani ambayo siku hizi ni maduka ya simu, mpaka kwenye lango la chuma lililofungwa mnyororo. Gari halipiti hapo. Mtu mwenye baiskeli huinyanyua, huigeuza ubavu, akapenya. Reli ilikwisha kung'olewa miaka mingi kabla ya hapo, ikabaki njia yake tu, ukanda wa changarawe upana wa mikono ya watu watatu, ukiingia msituni bila kugeuka nyuma.

Kwa nusu saa nzima nilitazama gurudumu langu la mbele na kuhesabu pumzi. Kisha nikasikia kitu kisichokuwapo. Hakukuwa na injini. Hakukuwa na honi, wala kondakta, wala muziki wa dukani. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mbili, na sikukumbuka siku niliyowahi kukaa mbali na sauti ya gari. Kilichosikika ni changarawe chini ya matairi yetu, sauti kama ya mchele unaochaguliwa kwenye ungo, na juu yake ndege wawili watatu walioulizana jambo na kujibizana. Nikataka kusema kitu, nikaona nitachafua.

Miti ilisimama pande zote mbili, mirefu kiasi kwamba kuifuata kwa macho kulitaka kusimama. Mwanga ulishuka kwa vipande, ukadondoka njiani, nasi tukavipita kimoja kimoja. Kangaga zilining'inia kwenye kingo za mawe, zikidondosha maji. Hondohondo aliruka juu yetu, na mbawa zake zilitoa mvumo kama wa mtu anayekung'uta shuka zito. Wifi hakusimama kunieleza. Alikuwa mbele, mgongo wake mdogo umeinama juu ya zile pembe za kondoo, miguu inazunguka bila haraka, kana kwamba bado anapinda pindo refu lisilo na mwisho.

Baada ya saa mbili nilimwambia nimeshangaa kwamba sijachoka.

“Geuka,” alisema.

Niligeuka. Mji ulikuwa chini kabisa, mdogo, umefunikwa na moshi mwembamba, na ghala la saruji lilikuwa kama kiberiti. Tulikuwa tumepanda mlima mzima, na miguu yangu haikuambiwa.

“Treni haipandi kama mbuzi,” wifi alisema. “Ikikutana na mlima huuzunguka, inapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo walioijenga njia waliuzunguka mlima wote kwa ajili yake. Sisi tunafaidi tu.”

Tukaingia katika handaki. Ndani kulikuwa na giza la baridi na matone, na mwishoni duara dogo la nuru lililokuwa linakua. Tulishuka tukasukuma. Na tulipotoka upande wa pili, nilisimama, baiskeli ikaanguka kando yangu nisiiokote.

Bonde lilikuwa mbele yetu na chini yetu. Mto ulikuwa mbali sana chini, mwembamba, unang'aa, umejikunja mara saba, na kila mkunjo ulikuwa na msitu wake. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka majini kwa utaratibu, kama unaovutwa. Njia yetu ilichongwa kwenye ubavu wa jabali lililosimama wima, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hewa. Nilijikuta nimevua kofia. Sijui kwa nini. Hakukuwa na mtu wa kumvulia. Nimewahi kuwafundisha watoto neno adhama, nikaliandika ubaoni, nikatoa mifano ya kiti cha mfalme na milango ya mahakama. Niliposimama pale niliona kwamba nilikuwa nimefundisha neno bila kulijua.

“Hili ndilo genge,” nilisema hatimaye, nikilipiga jabali kwa kiganja. Moyo ulinitulia. Nilidhani nimepata maana sahihi, nikajilaumu kimya kimya.

Wifi akacheka. “Wifi, wewe ni mwalimu, jisahihishe. Hili ni jiwe tu. Gengeni ni kule mbele.”

Tulikwenda nusu saa zaidi juu ya ule ukingo. Kisha jabali likarudi nyuma kidogo, pakawa na uwanja mdogo kama wa netiboli, na kwenye uwanja huo kulikuwa na safu ya vyumba sita vya mawe, vidogo, vilivyoungana ubavu. Mabati hayakuwapo tena. Mti ulikuwa umeota ndani ya chumba cha nne na kutoa tawi dirishani. Ukutani, kwa rangi nyeupe iliyofifia, palikuwa na namba 9.

“Genge namba tisa,” wifi alisema. “Kila kilomita kumi kulikuwa na genge lake, vibarua kumi na wawili na mnyapara wao. Walitunza njia. Hiki cha pili ndicho chetu. Tulilala watano humu. Kaka alizaliwa hapa, na mume wako pia alizaliwa hapa, kwenye kona ile, na mimi nikafuata.”

Niliingia. Nilinyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Kona moja ilikuwa nyeusi kwa moshi wa zamani.

“Baba mkwe alikuwa mhandisi,” nilisema. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya mtoto anayesoma kutoka ubaoni.

“Baba alikuwa kibarua. Alivunja mawe. Miaka ishirini na sita.” Aliinama akaokota kokoto kutoka njiani, akaniwekea mkononi. “Mnyapara alikuwa na pete ya chuma. Kila jiwe lilipitishwa kwenye pete. Likikwama ni kubwa, unavunja tena. Likipita bila kugusa ni dogo, unatupa. Mama alikuwa anakuja na bangili yake kama pete, akimsaidia kupima, kwa sababu macho ya baba yalikuwa yameingia vumbi.”

Nilitoka nje nikaitazama njia tuliyokuja nayo, ikipinda kwenye jabali mpaka inapotelea. Kwa saa karibu tatu nilikuwa nimepita juu ya mawe, na kila moja liliwahi kushikwa na mkono wa mtu, likapimwa, likalazwa. Milima nilikuwa nimeistahi tangu asubuhi. Sasa nilishindwa kukanyaga. Nilibaki nimesimama kwenye majani ya kando kama mtu aliyeogopa kuingia na viatu kwenye nyumba ya wenyewe.

Nilimwuliza kwa nini hawakusema.

“Kaka zangu walipofika shule za mjini walichekwa. Watoto wa genge, watoto wa genge. Wakakubaliana baba ni mhandisi, na mimi nikaapa nisiseme. Baadaye uongo ukawa na vyeti.” Alikaa kwenye kizingiti akamenya yai la kuchemsha. “Na ule msumari uliouona kwenye mfuko wangu niliuokota hapa mlangoni. Nilijua umeuona. Uliacha zipu upande usio wake.”

Nilimwambia basi kila kitu: simu niliyopiga, genge la wezi wa mbao, kikao. Alitafuna yai polepole. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi.

“Kesho kaka akiuliza, sema nakwenda kufanya mazoezi,” alisema. “Akitaka baiskeli, nitampa. Akitaka nihame, nitahama. Mke wake hajui, watoto wake hawajui. Sitamvua nguo kaka yangu mbele ya watu kwa ajili ya magurudumu mawili.”

“Na Jumamosi zako?”

Alitazama bonde. Ukungu ulikuwa umekwisha, na mto ulionekana wote. “Nimeshaliona,” alisema. “Wengine hawakuliona hata mara moja.” Lakini ganda la yai hakulitupa; alilifunga kwenye leso akalitia mfukoni.

Kikao kilikaa sebuleni kwangu, saa tisa alasiri. Shemeji mkubwa alikaa kwenye kiti cha marehemu, fimbo kati ya magoti. Mkewe alikaa kando yake na mkoba mapajani. Mwanangu wa kwanza alikuja, na mkewe. Wifi alikaa karibu na mlango, kwa gauni, mikono imekunjwa.

“Tusizunguke,” shemeji alisema. “Dada yangu anaonekana ovyo, anapotelea msituni, na jina letu liko midomoni mwa watu. Shemeji, wewe umefuatilia. Umeona nini?”

Nilisimama, kwa mazoea. Nilikuwa na jibu la mazoezi tayari kinywani. Lilikuwa fupi na lingemaliza kikao kwa heshima zote. Jina lingebaki safi. Baiskeli ingeingia stoo. Na mimi, niliyesoma wasifu ule mbele ya mamia ya watu, nisingelazimika kumwambia mtu yeyote kwamba nilisoma uongo. Nilimtazama wifi. Alitikisa kichwa kidogo: hapana.

“Nimeona genge namba tisa,” nilisema.

Fimbo ya shemeji iliteleza, akaikamata.

“Genge gani?” mkewe aliuliza. “La wale wezi?”

“La reli, dada. Vyumba sita vya mawe juu ya bonde. Mume wangu alizaliwa kwenye chumba cha pili, na mume wako pia. Baba yao alikuwa kibarua wa kuvunja mawe. Nimepita juu ya kazi yake kwa baiskeli kilomita arobaini, kwenda na kurudi, na haijabomoka popote. Niliandika kwenye wasifu kwamba alikuwa mhandisi. Nitawaandikia watoto upya. Na nasema mbele yenu, jina ambalo nimekuwa nikilitunza halikuwa lake. Lake ni zuri kuliko lile.”

 Mwanangu alifungua mdomo, mkewe akamkanyaga mguu. Mke wa shemeji aligeuka taratibu, mwili mzima.

“Miaka arobaini na mitatu,” alimwambia mumewe, “unaniambia ulizaliwa kwenye nyumba ya ghorofa.”

Shemeji aliangalia sakafu. Nimemwona akihukumu watu, sijamwona akitafuta pa kuweka macho. “Ilikuwa juu,” alisema. “Ukitazama dirishani unaona mpaka chini mtoni. Mtoto angeiitaje?”

Mkewe alishikilia mkoba wake muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na tulidhani analia mpaka kicheko kilipomtoka puani. “Hakimu mzima,” alisema. “Ghorofa haina hata ngazi.”

Wifi ndiye aliyecheka wa pili, na wa tatu alikuwa shemeji, kwa shida, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Alitoa leso akajifuta macho, miwani yake ikiwa bado usoni. Suala la baiskeli halikutajwa tena. Nilileta chai, ikanywewa, watu wakazungumza mambo ya mvua.

Alipokuwa anaondoka, shemeji alisimama uani mbele ya ile baiskeli, akaugusa usukani uliopinda kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima joto la maji.

“Kutoka handakini mpaka nyumbani kule juu,” alimwuliza dada yake, bila kumtazama, “inakuchukua muda gani?”

“Nusu saa. Siku nyingine saa nzima.”

“Treni ilikuwa inatumia dakika tano.”

“Treni ilikuwa na abiria wa kuwahisha, kaka,” wifi alisema. “Mimi nasimama.”